Boti Pana Kwanza

Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Ilikuwa imeanzia mbali, ikavuka daraja la Maporomoko ya Victoria, ikapita Broken Hill na Ndola, ikaingia Sakania, hadi kwenye shaba ya Katanga. Mwaka huohuo, tarehe 18 Agosti, juu kidogo ya maporomoko yale, wanaume wawili walikaa katika mto Zambezi, kila mmoja peke yake ndani ya boti nyembamba kama ganda la mharagwe, kasia moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto. Walikuwa wanashindania ubingwa wa dunia. Mmoja ni Ernest Barry, Mwingereza wa mto Thames. Wa pili ni Richard Arnst wa New Zealand. Arnst alishinda.

Watu wa Lubumbashi wachache sana wanajua kwamba mbio za ukubwa huo zilifanyika kando ya reli yao wenyewe, katika mwaka ambao mji wao ulikuwa unazaliwa. Na habari ya Arnst inafaa ijulikane Katanga kwa sababu nyingine pia. Hakukulia ndani ya boti. Alikuwa mwendesha baiskeli, na mwaka 1903 alishinda mbio kubwa za baiskeli mjini Sydney. Makasia aliyashika mwaka 1906, akiwa mtu mzima. Desemba 1908 alikuwa bingwa wa dunia. Miaka miwili ilimtosha, na nguvu aliyokwenda nayo majini ni ile aliyoijenga kwenye pedali.

Hapo ndipo Kamalondo inapoingia katika habari hii. Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ni mahali pa miguu. Uwanja wa TP Mazembe uko hapo, umefunguliwa mwaka 2011, miezi michache tu baada ya timu hiyo kuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mtoto wa Kamalondo anajua kuupoza mpira kabla hajajua kusoma. Akionyeshwa picha ya boti ya mashindano, makasia yametandazwa kama mabawa, atasema bila kusita kwamba huo ni mchezo wa mikono. Amekosea, na kosa lake ndilo kosa la karibu kila anayeanza.

Siri iko kwenye kiti. Kiti cha boti hii hakikupigiliwa misumari. Kina magurudumu manne madogo yanayotembea juu ya vyuma viwili, mithili ya behewa dogo juu ya reli. Viatu ndivyo vilivyofungwa kwenye ubao. Mtu anakunja magoti, kiti kinasogea kuelekea miguuni. Anasukuma ubao kwa nyayo, kiti kinarudi nyuma, na makasia yanavutwa pamoja naye. Kazi kubwa inafanywa na mapaja. Mgongo unaongeza, mikono inamalizia. Mmarekani John Babcock alikifanyia majaribio kiti cha namna hii New York karibu mwaka 1870. Kabla ya hapo wapo waliokuwa wakipaka ubao mafuta na kuteleza juu yake kwa suruali ya ngozi, kwa kuwa walishatambua kwamba miguu isipopata nafasi ya kunyooka, mikono peke yake haifiki mbali.

Kwa mvuvi wa ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, mambo haya yote yamegeuzwa. Yeye anatazama mbele anakokwenda. Kafi lake liko huru mikononi: analichovya upande huu, akitaka analihamishia upande wa pili. Mpiga makasia mawili anakwenda kinyumenyume, uso wake ukitazama alikotoka, na makasia yake hayatoki mahali pake. Yameshikwa kwenye vilete. Neno hilo, kilete, ni la mabaharia wa pwani, nalo lina maana ya kishikizo kinachobeba kasia ubavuni mwa chombo. Kwenye mashua kasia lilifungwa kwa kishwara, yaani pete ya kamba. Kwenye boti ya michezo kilete kimesogezwa nje kabisa, mwisho wa mkono wa chuma ulioshikamana na ubavu wa boti. Sababu yake ni ileile ya mtu anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo: mtaimbo ukiwa mrefu, jiwe linakubali. Kasia moja lina urefu wa mita 2.8 au 2.9 hivi, na bila mkono ule wa chuma boti ingebidi iwe pana kama kivuko.

Lakini upana ndio mgogoro wenyewe wa mwanafunzi. Boti ya mashindano ya mtu mmoja ina urefu wa mita 8 na zaidi, na pale inapogusana na maji upana wake hauzidi sentimita 30. Kwa sheria za kimataifa uzito wake usipungue kilo 14. Maana yake ni kwamba mtu wa kilo 70 amekalia kitu chepesi kuliko gunia la unga, na hakuna kinachokizuia kupinduka isipokuwa makasia mawili. Mwanafunzi akiwekwa humo siku ya kwanza, anajifunza jambo moja tu: kuogopa. Anakaza mabega, anapumua juujuu, macho yake hayabanduki kwenye maji. Walimu wengi wamempoteza mwanafunzi mzuri kwa njia hiyo, naye akaenda zake akiamini kwamba hana kipaji.

Ndiyo maana zipo boti za wanafunzi. Ni fupi, mita 5 hadi 7. Ni pana, sentimita 50, 60 au zaidi. Ni nzito, kilo 20 hadi 35. Tumbo lake halikuchongoka, hivyo linalala juu ya maji badala ya kuyakata. Mwaka 1971 Mmarekani Arthur Martin alitoa boti ya namna hii, yenye urefu wa kama mita 5 na upana wa sentimita 60 na ushei, kwa ajili ya watu wa kawaida waliotaka kuvuta makasia mahali penye mawimbi. Ina kiti kinachotembea, ina vilete vya nje, ina kila kitu cha boti ya mbio, isipokuwa haimwadhibu mtu kwa kila kosa. Wengi waliofuata wametengeneza zao kwa fikra hiyohiyo.

Ipo njia ya pili, na mtu wa Zanzibar au Lamu hahitaji kuelezwa. Ngalawa ni gogo jembamba ambalo lingepinduka likiwa peke yake. Husimama kwa matengo, zile mbao za pembeni zinazogusa maji kushoto na kulia. Boti za wanafunzi nazo hufungiwa maboya madogo chini ya mikono yake ya chuma, yakafanya kazi ya matengo. Mwanafunzi akishazoea yanapandishwa kidogo, kisha yanaondolewa. Katika mbio za walemavu wa daraja la wanaotumia mabega na mikono pekee, maboya hayo ni sehemu ya boti yenyewe, na kiti kimetulia, hakitembei. Ndiyo boti aliyoivuta Asiya Mohamed wa Mombasa katika Michezo ya Walemavu ya Tokyo. Asiya alipoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto wa miaka miwili. Alikuwa mchezaji wa tenisi ya kiti cha magurudumu kabla ya kushika makasia, akafuzu kwenye mashindano ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2019, na akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushindana katika mchezo huu kwenye michezo hiyo. Yeyote anayeona haya kuanzia kwenye boti yenye maboya na amkumbuke huyu mama wa Mombasa.

Somo la kwanza lenyewe halina mbio. Boti imelazwa kando ya gati, kasia moja limeegemea mbao za gati, jingine limelala bapa juu ya maji. Mwanafunzi anaikusanya mipini yote miwili kwa mkono ulio upande wa maji, na tangu hapo haiachi tena. Hii ndiyo amri ya kwanza na walimu huirudia hadi inachosha: usiachie mipini. Makasia yakilala juu ya maji, boti ina miguu mitatu. Mpini mmoja ukiponyoka, mguu mmoja umevunjika. Anaweka unyayo pale tu palipotengenezwa kukanyagwa, katikati ya vyuma viwili vya kiti, kwa kuwa mahali pengine panaweza kutoboka. Anakaa taratibu. Anaingiza miguu kwenye viatu. Visigino vya viatu hivyo vimefungwa kwa kamba fupi, si kwa ajili ya kumbana bali ili miguu ichomoke upesi boti ikipinduka, na mwalimu makini huzikagua kamba hizo kabla ya kuruhusu mtu yeyote kuondoka gatini.

Kisha anaambiwa akae tu. Mipini iko mbele ya tumbo, mabapa yamelala. Mwalimu anamwambia ainue mkono wa kulia kidogo, na boti inalala upande. Ainue wa kushoto, inalala upande wa pili. Ailinganishe mikono, inasimama. Kwa dakika kumi hafanyi kingine, na katika dakika hizo mwili unajifunza kitu ambacho maelezo hayawezi kuufundisha: usawa wa boti uko kwenye viganja, wala hauko kiunoni. Mtu aliyezoea mtumbwi hujaribu kuisimamisha boti kwa kujipinda, kama anavyofanya akivua. Hapa kujipinda kunaharibu.

Halafu mikono yenyewe inagombana. Mipini ni mirefu kuliko nusu ya upana ulioko kati ya vilete, kwa hiyo katikati ya kila mvuto inapishana. Desturi ya mahali pengi ni mkono wa kushoto kupita juu na wa kulia kupita chini yake, ukiufuata kwa karibu sana. Wiki za kwanza kucha za mkono mmoja hukwaruza vifundo vya mwingine hadi damu itoke. Hakuna dawa isipokuwa kwenda polepole. Viganja navyo hutoka malengelenge, hasa kwa anayekaza mpini kama anayenyonga kuku. Mpini unashikwa kwa vidole, kidole gumba kikiusukuma nje kidogo kutoka ncha yake ili kasia lisichomoke kwenye kilete.

Mvuto mmoja una mpangilio ambao mwanafunzi huuimba moyoni: miguu, mgongo, mikono. Bapa linazama, miguu inasukuma, mgongo unafunguka, mikono inaleta mipini hadi chini ya mbavu. Kurudi ni kinyume chake: mikono inatangulia, mgongo unafuata, magoti yanakunjwa mwisho. Anayekunja magoti kabla mikono haijapita atagonga magoti yake kwa mipini, na kila anayeanza hugonga. Baadaye anafundishwa kulilaza kasia linapotoka majini ili upepo usilipige, na kulisimamisha tena kabla ya kulizamisha. Akisahau kulisimamisha, bapa linaingia majini kwa mshazari, maji yanalinasa, na mpini unarudi kwa nguvu ya kumtupa mtu nje. Kwenye boti nyembamba huko ni kuoga. Kwenye boti pana ni mshtuko tu, anatulia, anaendelea. Hiyo ndiyo thamani yote ya boti pana: inampa mtu nafasi ya kukosea mara mia ndani ya asubuhi moja na kurudi nyumbani akiwa mkavu.

Kuna mafunzo ambayo hayahitaji maji hata kidogo. Mwaka 1981 ndugu wawili wa Vermont, Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, walitengeneza mashine ya mazoezi kwa kutumia gurudumu la baiskeli, na mashine za kizazi hicho ziko leo katika vyumba vya mazoezi kote duniani. Mpangilio wa miguu, mgongo na mikono unajifunzika hapo vizuri. Usawa haujifunziki hapo.

Afrika Mashariki imeshatoa wake. Matthew Lidaywa Mwange aliiwakilisha Kenya katika boti ya mtu mmoja Beijing mwaka 2008. Kathleen Noble, mzaliwa wa Uganda wa wazazi kutoka Ireland, alianza kama mwogeleaji na kuiwakilisha nchi hiyo kimataifa katika kuogelea mwaka 2012. Makasia aliyajua akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton. Akawa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki, Tokyo, na akarudi tena Paris mwaka 2024.

Wengine hawakupata muda hata huo. Hamadou Djibo Issaka wa Niger, nchi isiyo na bahari, alikuwa mwogeleaji pia. Alipofika London mwaka 2012 alikuwa na miezi mitatu tu ya kuvuta makasia. Mita 2,000 alizimaliza kwa dakika 8 na sekunde 25, wa mwisho kwa mbali, watazamaji wakimshangilia kila alipovuta. Mahé Drysdale wa New Zealand aliyechukua dhahabu alitumia dakika 6 na sekunde 57 katika fainali. Wapo waliosema Issaka hakustahili kuwa pale. Lakini mtu aliyeijua boti kwa miezi mitatu, akavuka kilomita 2 za Olimpiki bila kupinduka na bila kuacha, alikuwa amejifunza vizuri kuliko wengi. Na mwogeleaji mwingine, Mjerumani Oliver Zeidler, alianza makasia mwaka 2016, akawa bingwa wa dunia mwaka 2019, na akatwaa dhahabu ya Olimpiki Paris mwaka 2024.

Waogeleaji watatu hao hawakukutana hapa kwa bahati. Asiyeogopa maji hujifunza haraka, kwa kuwa akili yake yote iko kwenye kasia. Anayeogopa hugawanya akili yake nusu kwa nusu, na nusu iliyobaki haitoshi. Kuogelea si sharti la usalama peke yake. Ni nusu ya mafunzo.

Maji Lubumbashi inayo. Kuna ziwa la ndani ya mji, kuna Kipopo nje kidogo ambako watu huenda kupumzika, na kuna Tshangalele kwa wanaoshika njia ya Likasi. Majira nayo yanasaidia. Kiangazi, Juni na Julai, asubuhi ni baridi lakini maji hulala kama kioo kabla jua halijapanda. Agosti na Septemba upepo unaanza kusumbua. Boti pana hustahimili upepo kidogo, nyembamba haistahimili.

Yako mambo ya kuuliza kabla ya kuingia, na wa kuulizwa ni wavuvi, si mtu mwingine. Wao wanajua palipo na mamba au kiboko, penye visiki chini ya maji, na upande ambao upepo wa mchana hutokea. Maji yaliyotuama yenye majani na konokono hubeba kichocho. Anayetumbukia humo mara kwa mara apimwe zahanati, wala asisubiri kuona damu kwenye mkojo. Jaketi la kujiokolea livaliwe na kila anayejifunza. Boti ikipinduka, mtu akae na boti yake, kwa kuwa yenyewe inaelea; anayeiacha akajaribu kufika ufukweni anaweza kufa maji. Na kwa vile mpiga makasia hatazami anakokwenda, azoee kugeuza shingo kila baada ya mivuto michache. Mvuvi ndani ya mtumbwi wake mdogo hana namna ya kujua kwamba hajaonwa.

Dunia ya mchezo huu nayo inasogea upande wa boti pana. Kwa mbio za pwani, boti ya mtu mmoja haizidi mita 6, haipungui upana wa sentimita 75, na uzito wake ni kilo 35 kwenda juu. Ni boti ya mawimbi, isiyodai mfereji ulionyooka wala maji ya kioo. Mbio za ufukweni za boti hizo zimewekwa kwenye ratiba ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, na kabla ya hapo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar mwaka 2026, michezo ya kwanza ya Olimpiki kupangwa katika ardhi ya Afrika. Kijana atakayejifunza leo kwenye boti ya aina hiyo hatakuwa anajifunzia kwenye chombo cha wasiojua. Atakuwa ndani ya boti ileile inayoshindaniwa medali.

Kamalondo ina miguu, Katanga ina maziwa. Wenye fukwe za Kipopo, wakuu wa shule na wazazi wanaopenda michezo wanaweza kuanza na vitu vichache sana: boti moja pana, majaketi yanayowatosha watoto, mwalimu wa makasia na mwalimu wa kuogelea. Huyo wa kuogelea aajiriwe kwanza.